Mkuki Ukigeuka Mchezo, Simba Atapona?

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, kijana mmoja wa hapa Itumba ameniletea ujumbe ambao umenichukua wiki nzima kuufikiria. Anasema alikuwa amekaa katika mgahawa wa chai karibu na stendi, akingojea gari la kwenda Tunduma, na televisheni ikaonyesha watu wawili waliovaa mabati mwili mzima, kila mmoja juu ya farasi, wakikimbiliana huku wameelekezeana miti mirefu kama nguzo za simu. Wakagongana. Miti ikapasuka vipande, mmoja akaanguka chali, na watu majukwaani wakashangilia. Mama mwenye mgahawa akasema hiyo ni sinema. Dereva wa lori akasema hapana, hao ni Wazungu wa kweli na hiyo ni ligi yao. Ubishi ukawa mkubwa mpaka gari likaja.

Kijana anauliza mambo mawili. La kwanza, je, wale wanapigana au wanaigiza? La pili ndilo lililonikosesha usingizi: kama huo ni mchezo, kwa nini sisi, ambao babu zetu walikuwa na mikuki kabla hatujazaliwa, hatuna mchezo wa mikuki, na shuleni tunapewa mpira wa miguu tu?

Nitalijibu la kwanza upesi, kisha nikae na la pili.

Dereva wa lori ndiye aliyeshinda ubishi. Mchezo ule wenyewe huuita jausti, na ulianza Ulaya zaidi ya miaka mia nane iliyopita kama mazoezi ya vita. Enzi hizo kabaila mwenye ardhi alipigana akiwa juu ya farasi, amevaa deraya, yaani nguo za chuma, na silaha yake ya kwanza ilikuwa mkuki mrefu uliobanwa kwapani. Kumchoma adui ukiwa juu ya mnyama anayekwenda mbio si jambo la kujifunza siku ya vita yenyewe. Kwa hiyo wakati wa amani walikusanyika na kufanya mazoezi, na mazoezi yao yalikuwa vita nusu. Watu walikufa. Kanisa likaona haya ni mauaji ya ovyo, na katika mtaguso uliofanyika Clermont, Ufaransa, mwaka 1130, likayakataza na kuagiza kwamba atakayekufa humo asizikwe kikristo. Makabaila wakaendelea vile vile. Mwaka 1194 Mfalme Richard wa Kwanza wa Uingereza akaamua kwamba yasiyokatazika na yatozwe ada: akaruhusu mashindano hayo mahali patano tu, na kila anayeshiriki alipe kulingana na cheo chake. Serikali ni serikali, ndugu msikilizaji, tangu zamani. Kanisa lenyewe lililegeza amri yake mwaka 1316.

Katazo, basi, halikufaa kitu. Kilichofaa ni kanuni, na kanuni ziliingia polepole. Katika karne ya 15 uliwekwa uzio katikati ya uwanja ili kila mpanda farasi apite upande wake na farasi wasigongane vichwa. Ncha kali ya mkuki ikaondolewa, ikawekwa ncha butu yenye meno mafupi kama taji, ili ishike ngao bila kupenya. Mwaka 1466 kabaila mmoja wa Kiingereza, John Tiptoft, aliandika utaratibu wa kuhesabu: aliyevunja mkuki wake vizuri juu ya mwenzake apate kadhaa, na aliyempiga farasi akose tuzo. Hapo ndipo vita vilianza kuwa mchezo. Mtu hakushinda tena kwa kumwumiza mwenzake. Alishinda kwa kuvunja mti wake mwenyewe mahali panapotakiwa.

Hata hivyo hatari haikwisha. Tarehe 30 Juni 1559, mjini Paris, Mfalme Henri wa Pili wa Ufaransa alikuwa anasherehekea amani na harusi za watu wa jamaa yake. Akaingia uwanjani mwenyewe kupambana na mkuu wa walinzi wake, Montgomery. Mkuki wa Montgomery ukavunjika, vibanzi vikaingia katika tundu la kofia ya chuma, vikamchoma mfalme juu ya jicho. Alifariki siku kumi baadaye. Mchezo wenyewe nao ulikuwa unazeeka, kwa kuwa bunduki zilikuwa zimefika na mtu wa deraya hakuwa tena mkubwa wa vita.

Wapo waliojaribu kuufufua. Mwaka 1839 huko Scotland, bwana mmoja mwenye mali, Earl wa Eglinton, alitumia fedha nyingi kuandaa mashindano ya kizamani. Watu walikuja kwa maelfu, na mvua nayo ikaja. Uwanja ukawa tope, mabwana wakalowa ndani ya vyuma vyao, na jambo lile likabaki kuwa kichekesho. Jimbo la Maryland huko Marekani lilikwenda njia nyingine: pale mpanda farasi hampigi mtu, bali hupitisha mkuki katika pete ndogo zilizoning'inizwa, na mwaka 1962 jimbo liliutangaza huo kuwa mchezo wake rasmi. Huko Sinj, nchini Croatia, wanafanya mchezo wa pete wa namna hiyo kila mwaka kukumbuka vita vyao na Waturuki vya mwaka 1715. Wale aliowaona kijana wetu ni kundi la tatu, la watu wa siku hizi wanaogongana hasa, ila ncha za mikuki yao hutengenezwa kwa mti laini unaovunjika upesi, na waamuzi huhesabu pointi kwa kuangalia ulipopiga na kama mkuki umevunjika. Farasi ni wa kweli, na mtu akianguka, ameanguka kweli.

Jibu la kwanza ni hilo. Sasa tuje kwetu.

Jambo rahisi la kusema ni kwamba sisi hatukuwa na farasi. Ni kweli. Katika sehemu kubwa ya nchi yetu ndorobo na ugonjwa wa nagana viliwazuia farasi kwa karne nyingi. Ndugu zetu walioko Oman wanaona jambo hili kila msimu: huko mpanda farasi huja mbio na kukichomoa kwa mkuki kigingi cha mti kilichochomekwa ardhini, na watoto wa waliozaliwa Unguja hukaa pembeni wakishangilia kwa Kiswahili na Kiarabu. Lakini farasi si kiini cha jambo. Kiini ni shabaha, ujasiri, na macho ya watu wanaokutazama.

Mimi nilipokuwa mtoto katika milima hii ya Ileje tulikuwa na mchezo wetu. Tulikata kipande cha mgomba, duara kama gurudumu, mmoja akapanda juu ya mteremko na kukiviringisha. Sisi wengine tulijipanga pembeni na mafito yaliyochongwa ncha. Kipande kilipopita kikiruka-ruka, kila mmoja alirusha fito lake. Aliyekichoma kikalala alihesabiwa, na aliyekosa mara tatu alipelekwa juu kuwa mviringishaji. Sikumbuki mtu mzima hata mmoja aliyetufundisha. Sikumbuki pia ulikoma lini. Nilirudi likizo mwaka mmoja nikakuta wadogo zangu wana mpira wa makaratasi, na mafito yamekuwa kuni.

Je, mchezo kama ule unaweza kufufuliwa ukawa mashindano ya kweli, yenye waamuzi, siyo maonyesho ya siku moja mbele ya mgeni rasmi? Ninao mfano mmoja wa Afrika Mashariki ninaouamini kuliko mingine, na naomba tusafiri mpaka chini ya Mlima Kilimanjaro, upande wa Kenya.

Pale kuna eneo la hifadhi linaloitwa Kimana, si mbali na Mbuga ya Amboseli. Wakazi ni Wamasai, na ranchi zao za jumuiya zina majina kama Mbirikani, Kuku na Rombo. (Msikilizaji wa Moshi asishtuke, hii si Rombo yetu.) Kwa Wamasai kijana aliyetahiriwa huwa moran, shujaa mlinzi wa mifugo na watu, na kwa vizazi vingi njia iliyojulikana ya moran kupata jina ilikuwa olamayio, yaani kumwinda simba kwa mkuki. Aliyemchoma simba wa kwanza alipewa heshima ambayo fedha hainunui. Manyoya ya shingo ya simba yalikuwa kilemba chake, wasichana walimwimba, na wazee walilikumbuka jina lake akiwa mzee mwenzao. Tusiseme huo ulikuwa ukatili wa watu wasiojua. Simba alikula ng'ombe, na aliyekuwa tayari kusimama mbele ya simba akiwa na mkuki na ngao tu ndiye ambaye kijiji kilitaka alinde zizi lake.

Tatizo ni hesabu. Simba wamekuwa wachache na watu wamekuwa wengi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini sheria iliyoandikwa Nairobi haikuingia manyatani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 simba wa nchi ile ya kati ya Amboseli na Tsavo walikuwa wanauawa kwa mikuki na kwa sumu kwa kasi ya kutisha, hata watafiti wakaanza kuzungumzia siku ambayo hatabaki hata mmoja.

Kilichofuata kilikuja kwa hatua, na naomba tuziangalie moja moja, kwa kuwa mara nyingi huwa tunaona sherehe ya mwisho tu. Mwaka 2003 pale Mbirikani ulianzishwa mfuko wa kuwalipa wafugaji ambao mifugo yao imeliwa na wanyama wakali, kwa sharti kwamba simba akiuawa, malipo ya watu wa eneo hilo yanaguswa. Jirani akawa na sababu ya kumzuia jirani. Mwaka 2007 mradi mwingine, unaoitwa Lion Guardians, ulianza kuwaajiri moran wenyewe, wengine kati yao wauaji wa simba wenye sifa, wawafuate simba kwa nyayo na kuwaonya wachungaji wasipitishe ng'ombe mahali simba alipolala. Elimu yao ya kumjua simba ikabaki ile ile, kazi ikageuka.

Halafu mwaka 2008 wakaja wazee. Kila rika la moran lina walezi wake, wanaume wa rika la juu wanaoitwa menye layiok, maana yake ni baba wa vijana. Hao ndio wanaofundisha nini kinafaa na nini hakifai, na moran anaweza kumdharau polisi lakini hawezi kumdharau mlezi wa rika lake. Walezi wa rika jipya walikwenda kwa watu wa hifadhi, wale ambao shirika lao leo linaitwa Big Life, wakasema wanataka kuondoa uwindaji wa simba katika mila ya vijana wao, na wakaomba wasaidiwe. Mazungumzo yakachukua miaka. Walijua kwamba ukimnyang'anya kijana njia ya kupata jina bila kumpa nyingine, ataitafuta mwenyewe usiku.

Njia nyingine ikapatikana, na mashindano ya kwanza yalifanyika Desemba 2012 pale Kimana. Yaliitwa Olimpiki ya Wamasai, na yamekuwa yakifanyika kila baada ya miaka miwili, isipokuwa pengo la wakati wa korona, ambapo baada ya mwaka 2018 watu walingoja mpaka 2022.

Hebu tuangalie michezo yenyewe. Kuna mbio za mita 200, mita 800 na mita 5,000, kwa kuwa moran ni mtu wa kukimbia. Kuna kurusha mkuki. Kuna kurusha rungu. Na kuna kuruka juu, lakini siyo kule kuruka kwa kulalia godoro tunakokuona kwenye Olimpiki ya dunia. Moran anasimama wima, miguu pamoja, anaruka kama anavyoruka katika ngoma, na juu yake imefungwa kamba ambayo lazima aiguse kwa kichwa. Akiigusa, kamba inapandishwa. Ndugu msikilizaji, hebu simama hapo ulipo ujaribu kuruka bila kukunja magoti sana, utajua kwamba hapa hakuna mchezo wa watalii. Wasichana nao waliingizwa, wana mbio zao, na hilo lenyewe ni jambo jipya, kwani katika olamayio kazi ya msichana ilikuwa kuimba tu.

Angalia walivyochagua. Hawakusema vijana wapigane kwa mikuki, wala hawakuleta simba wa bandia wa kuchomwa. Walichukua nguvu zilizokuwa ndani ya uwindaji, yaani mbio, shabaha, mruko na pumzi, wakaitenga kila moja na kuiwekea kipimo. Tiptoft alifanya kazi ile ile mwaka 1466. Ukitaka silaha igeuke mchezo, lazima upate kitu cha kupima ambacho si damu. Mkuki uliorushwa mbali hupimwa kwa tepu, na hakuna mzee wala tajiri anayeweza kubishana na tepu.

Halafu wakaweka tuzo zenye maana kwa wanaoshindana. Manyata inayoshinda kwa jumla hupewa dume bora la ng'ombe. Siyo kikombe cha bati cha kuwekwa kabatini: ni dume, ambalo ndama zake zitatembea miaka kumi zikisema manyata fulani ilishinda. Mtu mmoja mmoja hupata medali na fedha. Katika mashindano ya kwanza ilitangazwa pia safari ya kwenda New York kukimbia marathoni. Na mlezi wa mashindano akawa David Rudisha, Mmasai, ambaye miezi minne tu kabla, tarehe 9 Agosti 2012, alikuwa ameshinda mita 800 katika Olimpiki ya London kwa dakika 1 na sekunde 40.91 na kuvunja rekodi ya dunia. Baba yake, Daniel Rudisha, alipata medali ya fedha Mexico mwaka 1968 katika mbio za kupokezana vijiti. Kwa moran wa Mbirikani ujumbe ulikuwa wazi bila hotuba: huyu ni mwenzetu, dunia nzima inamjua, na jina lake halikutoka kwa simba. Rudisha hakuwa mlezi wa kwenye karatasi. Desemba 2022 alikuwa Kimana kwenye mashindano hayo, na ndege ndogo aliyopanda kuondokea ilianguka. Mungu saidia, abiria walitoka wazima.

Sasa swali la mwandishi wa habari: je, imefaa? Hapa naomba tuwe waangalifu, kwa sababu wenzangu wa magazeti ya nje wakishapiga picha ya moran mwenye medali huandika kwamba tatizo limekwisha.

Mwezi Mei 2023, katika juma moja tu, simba kumi waliuawa katika nchi ile ile. Mmoja alikuwa Loonkito, dume mzee wa miaka 19, mmoja wa simba wakongwe kabisa waliojulikana porini, aliyechomwa mikuki usiku baada ya kuingia katika boma kutafuta chakula, kando ya Amboseli. Siku chache baadaye simba sita wakauawa Mbirikani, ndiyo, Mbirikani ile ile, baada ya kuua mbuzi. Nchi ilikuwa imetoka katika ukame mkali. Wanyama wa porini ambao simba huwala walikuwa wamekufa kwa wingi, na mfugaji aliyebakiwa na mbuzi kumi na wawili hakuwa tayari kuwagawa.

Wapo waliosema basi, Olimpiki yao imeshindwa. Mimi sikubaliani. Mauaji yale yalikuwa ya kisasi na ya njaa. Hakuna aliyevaa manyoya ya Loonkito kichwani, na hakuna msichana aliyemwimba aliyemchoma. Mchezo ulichukua nafasi ya kuua kwa ajili ya jina, nao haukuahidi kuchukua nafasi ya mbuzi aliyeliwa. Mbuzi aliyeliwa anajibiwa na fidia na zizi imara, na fidia ikichelewa hakuna medali itakayomzuia baba mwenye watoto. Mtu anayedai mchezo ufanye kazi zote mbili anautwika mzigo usio wake, kisha anaulaumu kwa kuanguka.

Lawama nyingine ninaipa uzito zaidi. Fedha za mashindano hutoka kwa wafadhili wa nje, kamera ni za nje, na hata jina, Olimpiki, ni la kuazima. Siku mfadhili akichoka, je, manyata zitachangia dume la ng'ombe zenyewe? Sijui mtu anayeweza kuapa. Ninachojua ni kwamba kamera haiwezi kumzuia moran asiende porini usiku wa manane. Mlezi wa rika lake anaweza. Kama wazee wale wasingetangulia kusema kwamba jina halipatikani tena kwa simba, mashindano yangekuwa kama yale ya Earl wa Eglinton: nguo nzuri, watu wengi, mvua, na kila mtu kwenda zake.

Karibu zaidi na hapa kwetu kuna jambo la kulinganisha. Huko Katavi, katika bonde la Mpimbwe, wafugaji wa Kisukuma wana desturi ya ngoma ya simba. Aliyeua simba hupita boma kwa boma akicheza, na watu humpa ng'ombe na zawadi kumshukuru kwa kulinda mifugo. Desturi nzuri, mpaka vijana wengine walipogundua kwamba zawadi inalipa, wakawa wanamfuata simba ambaye hajagusa ng'ombe wa mtu. Pale haikuundwa michezo. Wanajumuiya wenyewe walikaa wakatunga sheria ndogo, kwamba anayecheza ngoma kwa simba asiye na kosa asipewe kitu. Ukiangalia vizuri utaona ni dawa ile ile iliyochukuliwa kwa mlango wa nyuma: Kimana walimpa kijana jina mahali pengine, na Mpimbwe waliliondoa jina mahali lilipokuwa.

Na tusisahau jirani zetu kabisa, wa ng'ambo ya mto Songwe. Kaskazini mwa Malawi wana malipenga, ngoma ya vijiji kushindana, wanaume wakiwa katika mistari iliyonyooka, wakipuliza vibuyu na kupiga hatua za kijeshi, wenye vyeo kama jenerali na kapteni. Walioianzisha walitoka katika jeshi la wakoloni la KAR, baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Waliona gwaride, wakalichukua bila bunduki, na vijiji vikapata njia ya kugombania ukubwa bila mtu kuvunjwa mguu. Hakuna shirika lililowafundisha.

Sasa narudi kwako kijana wa stendi. Unataka mchezo wa mikuki Itumba. Kabla hujatafuta mkuki, niambie hapa kwetu vijana wanatafuta jina wapi. Simba hatuna wa kuwinda. Lakini keti barabara ya kwenda Isongole Jumamosi saa mbili usiku. Utazisikia pikipiki kabla hujaziona. Wawili, watatu, taa zimezimwa, wanashuka mteremko kuonyeshana nani hashiki breki. Asubuhi watu kijiweni wanamtaja aliyeshinda kwa jina, na wasichana wanalijua. Mwaka uliopita nilihudhuria mazishi ya mmoja wao, mtoto wa jirani, na pale pale msibani nilimsikia mwenzake akisimulia kwa sifa jinsi marehemu alivyokuwa hashikiki. Hakuwa na nia mbaya. Ndilo jina pekee ambalo rafiki yake alikuwa amepata.

Polisi wakikamata pikipiki, zinakombolewa. Katazo lipo, kama lile la Clermont. Ninachokiona mimi ni kwamba hakuna mzee yeyote aliyekaa na wale vijana akawaambia jina halipatikani hapo, na hakuna aliyewapa mahali pengine pa kulipata. Mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, yanamhusu mwanafunzi. Aliyemaliza darasa la saba au kidato cha nne na kukodishiwa pikipiki hana uwanja.

Siwezi kukuambia kwamba kuviringisha mgomba kutawatoa barabarani. Nimejaribu kuulizia tu. Nilimwendea mzee mmoja hapa mjini, ambaye nilijua alikuwa bingwa wa mchezo ule kabla yangu, nikamwuliza kama kanuni zilikuwepo au tulikuwa tunazitunga njiani. Alinicheka. Akasema kanuni zilikuwepo tangu kwa babu yake: kipande hukatwa chini karibu na shina, kwa kuwa cha juu hupasuka mapema, mviringishaji haruhusiwi kuangalia nyuma, fito likigonga fito la mwenzako hewani, yote mawili hayahesabiwi, na kijiji kilikuwa kinashindana na kijiji wakati wa kiangazi, baada ya mavuno. Hilo la vijiji sisi watoto hatukulijua kabisa. Nikamwuliza mshindi alipewa nini. Akafikiri kidogo, akasema, alipewa nafasi ya kunywa pombe kwa wakubwa akiwa bado mdogo, na mwaka mzima aliitwa kwa jina la kijiji chake.

Nimemwomba aje studioni wiki ijayo. Amekubali, kwa masharti mawili: apewe usafiri wa kumrudisha kabla ya giza, na awepo angalau mwendesha bodaboda mmoja wa kuzungumza naye ana kwa ana. La usafiri nimelimaliza. Kwa hilo la pili, aliye tayari apite hapa redioni kabla ya siku ya Alhamisi, aje na pikipiki yake, na taa iwe inawaka.